Aliyeinua Viganja

Harlow, Texas
Jumanne, tarehe 20 Agosti

Dada yangu mpenzi Oleta,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua ukipanda ngazi za kanisani. Shemeji Hoyt naye hajambo? Mwambie asinicheke kwa mwandiko huu, kwani tangu niache shule mkono wangu umezoea usukani kuliko kalamu. Sisi huku tunapumua. Mama anakula vizuri, ingawa kila asubuhi ananiita kwa jina la marehemu Baba na kuniuliza kama ng'ombe wamenyweshwa. Namjibu wamenyweshwa, naye anaridhika. Mvua hatujaiona tangu Juni. Mabwawa yamekauka hadi kobe wa maji wanatembea barabarani kutafuta maji.

Najua mke wangu Nadine alikupigia simu akakusimulia yaliyonipata kwenye barabara ya Caney. Najua pia ulilia, ukamshukuru Mungu kwamba mdogo wako yu hai. Keshokutwa, Alhamisi, naitwa mbele ya jaji niweke mkono juu ya Biblia na kusema nilichokiona, na kwa maneno yangu kijana mmoja, Eliseo Barrientos, anaweza kufungwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo nimeketi hapa mezani nikuandikie tangu mwanzo.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, wiki mbili na zaidi zimepita sasa. Nilikuwa nimemaliza darasa langu la leseni ya bastola katika ukumbi wa kanisa. Unajua miaka kumi na moja sasa nusu ya wilaya hii imepita mikononi mwangu, wakulima, wauguzi, hata yule bibi anayepiga kinanda. Siku hiyo tulikuwa kwenye somo la hasira za barabarani. Niliwaambia kwamba mwenye bastola garini hana ruhusa ya kushinda ugomvi wowote. Akitukanwa ameze. Akizibiwa njia asubiri. Asimkazie mtu macho, asishuke garini, na ikibidi aombe radhi hata kwa kosa lisilo lake, maana risasi ikishatoka hairudi kuomba radhi. Mzee Cletus Mayfield akauliza kutoka nyuma kama somo hilo linamhusu pia mtu ambaye mkewe ndiye anayeendesha na ndiye anayetukana. Watu walicheka wakashika mbavu. Nikafunga kwa sala, nikapanda pikapu yangu kuelekea nyumbani.

Maili tatu mbele nikakuta gari kuukuu linavuta trela la marobota ya nyasi kavu yaliyopangwa juu kama ghorofa, linakwenda mwendo wa kusindikiza maiti. Desturi yetu unaijua: mwenye mzigo husogea pembeni ya lami mwenzake apite, na anayepita huinua vidole viwili juu ya usukani kushukuru. Huyu hakusogea. Nikapiga honi moja, ya adabu. Hakusogea. Nikapiga ya pili, na hiyo haikuwa na adabu. Akatoa mkono dirishani akaupungia chini, chini, kama anayemtuliza mbwa, nami nikaona amenidharau. Dada, mimi niliyetoka kusali dakika kumi tu kabla, nilisikia damu ikinipanda masikioni. Nikamsogelea hadi vijiti vya nyasi vikawa vinagonga kioo changu. Kisha nikampita kwenye kona, juu ya mistari ya njano, nikakutana uso kwa uso na gari la mama mmoja. Namna nilivyorudi upande wangu ni Mungu tu anajua. Ndipo nikaelewa ule mkono ulikuwa unasema nini. Ulikuwa unasema subiri, kuna gari linakuja. Na nilipotazama kwenye kioo cha pembeni nikaona kwa nini hakusogea: ukingo wa lami ulikuwa umemeguka kwa ukame, na kwa mzigo ule angepinduka.

Ningepaswa kushukuru. Badala yake niliona haya, na haya kwangu mimi hugeuka hasira upesi, tabia hiyo unaijua tangu utoto wetu. Nikakanyaga breki makusudi mbele yake, nimkomeshe. Akakwepa, gurudumu likaingia kwenye ule mmeguko, marobota mawili yakaanguka barabarani. Akasimama. Nami nikasimama, hatua kama mia moja mbele.

Kuanzia hapo, hadithi aliyokupa Nadine ni hii, na ni mimi niliyempa yeye. Kwamba Eliseo alinifuata kwa miguu na bastola mkononi, amenielekezea, anatukana. Kwamba mimi, badala ya kuchukua yangu, niliinua viganja vyote viwili, nikamwomba radhi kwa upole, nikazidi kumwomba, hata yeye mwenyewe akalainika, akaenda akailaza silaha yake juu ya boneti ya gari lake. Yule mama tuliyekutana naye kwenye kona alikuwa amempigia simu sherifu. Naibu wake, Dale Wofford, akafika, akaikuta bastola pale juu ya boneti, akamfunga Eliseo pingu. Hadi leo yuko mahabusu.

Jumapili yake Mchungaji aliniita mbele. Kanisa zima lilisimama kumpigia makofi shemasi wao. Waliojiandikisha katika darasa langu lijalo wakafika arobaini na mmoja, na ukumbi hautoshi. Kwenye mkahawa ninapokunywa kahawa asubuhi, wazee walinipokea kwa makofi. Cletus akauliza nijisikiaje kuwa nabii Danieli, akasema yeye angalikuwa mahali pangu angaliyapiga risasi marobota kwanza kisha ndipo aulize mwenyewe ni nani. Mwingine akamwambia wewe Cletus hata robota ungelikosa. Nikacheka nao. Mayai yangu nikayaacha sahanini.

Jumamosi iliyopita mke wa Eliseo alikuja kwetu. Anaitwa Marisela, ni mwanamke mfupi, mtaratibu, na alikuwa amevaa gauni la kanisani ingawa haikuwa siku ya ibada. Nadine alimkaribisha, akampa chai ya barafu, akakaa kando yangu kama mlinzi. Nilidhani amekuja kunilaani, nikawa nimekwisha kuandaa maneno ya kujitetea. Hakulaani. Alisema nyasi zao zimelala shambani hazijafungwa, lakini hakuja kwa hilo. Alisema mume wake amemtuma aniambie kwamba hana kinyongo na mimi. Eti amemwambia hivi: Mwalimu Verlon si mwongo, ila siku ile aliogopa sana, na mtu akiogopa huona kisichokuwapo. Kwa hiyo akaniomba, kama siku ya kiapo nitakumbuka vizuri zaidi, nimwambie jaji nilichokumbuka. Akanywa chai yake hadi mwisho, akaosha glasi mwenyewe, akaaga. Nadine akasema mbona huyu mama ana adabu kuliko sisi. Mimi nikaenda bandani nikashika ukuta.

Umeona amesema Mwalimu. Eliseo alikaa darasani kwangu mwaka juzi, mstari wa pili, akiandika kila kitu kwenye daftari la shule la binti yake.

Sasa nakuambia, dada, na baada yako atajua kila mtu. Aliyeinua viganja ni yeye.

Hakunifuata. Mimi ndiye niliyerudi nyuma. Barabara mbele yangu ilikuwa wazi hadi nyumbani, nami nikatia gia ya kurudi, nikazirudi zile hatua mia moja hadi karibu na gari lake. Nilishuka na bastola mkononi. Si kiunoni, mkononi, na kidole kilikuwa kwenye kifyatulio, mahali ambapo huwafokea wanafunzi wangu wasikiweke. Nilimwita kwa majina ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi utakayoishika wewe. Nilimwuliza anadhani barabara hii ni ya nani. Yeye alikuwa ameshuka kuokota marobota, bastola yake imo katika ala kiunoni. Aliponiona, akanitambua. Akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa anaitoa silaha yake na kuiweka mbali, nisishtuke. Akaitoa kwa vidole viwili, taratibu kama mtu anayetoa yai chini ya kuku, akailaza kwenye boneti, akarudi nyuma hatua tatu, akainua viganja. Akasema, Mwalimu, nisamehe, kosa ni langu, ningetafuta mahali pa kukupisha. Akarudia, nisamehe. Hakuwa na kosa hata moja.

Sijui nilisimama vile muda gani nikiwa nimemlenga kifuani. Najua kwamba angetamka neno moja la jeuri ningempiga risasi, kisha ningelia na kusema alinishambulia, na wilaya nzima ingeniamini. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Aliendelea kuinua mikono, na polepole nikaanza kuusikia upepo tena. Nikarudisha bastola kwenye ala. Tukaanza kuokota marobota pamoja, Oleta. Tulikuwa tumeliinua la kwanza, yeye upande huu na mimi upande ule, ndipo gari la Dale likafika.

Dale amesoma kwangu mara mbili. Alitazama bastola iliyokuwa juu ya boneti, akamtazama Eliseo, akanitazama mimi. Hakuniuliza nini kimetokea. Aliniuliza, "Shemasi, amekuelekezea?" Na wewe umezaliwa hapa, unajua neno la nani huaminiwa kati yangu na mtu mwenye jina la Kihispania kama lake. Ningeweza kusema hapana. Nilifikiria cheti changu, nikafikiria Mchungaji, nikafikiria wale watu wanaoniita Mwalimu. Nikasema ndiyo. Eliseo aliliachia robota likaanguka miguuni petu. Hakunibishia. Alinitazama tu kama mtu anayengoja mwenzake amalize sentensi.

Jana baada ya chakula cha mchana nilimwambia Nadine. Hakupiga kelele. Alisimama akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Baadaye akauliza, akiwa amenipa mgongo, kumbe siku hizi zote alikuwa analala na nani. Leo asubuhi bastola zangu zote mbili amezipeleka kwa kaka yake, nami nilimshikia mlango.

Kesho saa mbili asubuhi nitakwenda kwa sherifu nifute neno langu na kuandikisha lililo kweli. Watanifanya nini sijui. Darasa limekwisha, ushemasi nao, na huenda mahali alipo Eliseo nikaingia mimi, kwani niliyemwelekezea mtu bastola ni mimi. Nimeomba kwa magoti, na kila nikiomba naletewa jibu lile lile. Nimekuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu unanipenda. Ungenisikia sauti ungenizuia, nami ningekubali kuzuiwa. Barua hii ikikufikia nitakuwa nimekwisha kusema.

Ninalokuomba ni juu ya Mama. Nadine peke yake hataweza kumwinua na kumwogesha, na sitaki awekwe mikononi mwa wageni. Kama Hoyt anaweza kukuachilia hadi mavuno ya kokwa za pekani, mwezi wa Novemba, njoo. Chumba cha nyuma kiko tayari. Akikuuliza habari za ng'ombe, mwambie wamenyweshwa.

Nadine anakusalimu, Mama naye anakusalimu ingawa amesahau ni nani anayemsalimia. Wasalimie wote wa nyumbani kwako, na uniombee, mimi na yule kijana na mkewe. Tafadhali nijibu upesi.

Mimi mdogo wako,
Verlon Tackett