Viti Vilivyokaliwa na Waigizaji

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Adelaide, Australia Kusini. Tarehe 12 Agosti, alasiri.

Jina: Despina Karvelas. Umri: miaka 44. Kazi: mtengenezaji wa picha za kompyuta za filamu. Makazi: Thebarton, Adelaide.

Nimekuja kwa hiari yangu, na sitaki neno langu hata moja lilainishwe.

Jimbo letu huirudishia kampuni sehemu ya gharama za kutengeneza picha za filamu, ilmradi kazi ifanywe na watu wa hapa. Mwezi Mei mwajiri wangu, Bw. Brett Hollis, aliwapunguza kazini wenzangu wote, akaipeleka kazi yao ng'ambo kimyakimya. Nilibaki peke yangu.

Leo saa tatu asubuhi nilifika kazini nikakuta kila kiti kina mtu. Mapazia yalikuwa wazi, jua limejaa kwenye skrini. Sisi hufanya kazi gizani, maana mwanga hudanganya rangi. Nikajua hawa si wa kazi hii. Kwenye kiti cha rafiki yangu, Leilani Fonoti, alikaa mzee mmoja anabofya kibodi ovyo.

"Mzee, unafanya nini hapo?"

"Naigiza, binti. Nimeambiwa nisiongee."

Bw. Hollis alinivuta jikoni. "Mkaguzi wa serikali yuko njiani. Wewe tabasamu tu, basi. Hela ikirudi, Leilani anarudi kazini Jumatatu."

Tangu Mei Leilani na wanawe wanalala sebuleni kwa mama yake. Maneno yale yalinichoma.

Mkaguzi, Bi. Oanh Trieu, aliponifikia aliuliza, "Timu yako ndiyo hii?"

"Hapana," nikasema. "Hawa ni waigizaji. Timu ilifukuzwa Mei."

Yule mzee akainua mkono. "Bosi, tuendelee, au ndiyo imeisha?"

Hakuna aliyecheka. Mkaguzi alipotoka, Bw. Hollis alinifukuza. "Umemponza mwenzako kwa mdomo wako!"

Nikiwa kwenye maegesho nilimpigia Leilani, nikamweleza yaliyotokea, na kwamba nimemfungia mlango wa kurudi kazini. Nikamwambia naenda kituo cha polisi kuandikisha maelezo.

"Yaani nikae kwenye kiti changu kwa uongo? Wee Despina, hunijui? Kituo kiko wapi?"

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na nitayarudia mbele ya hakimu.

Sahihi: D. Karvelas

Nimeyaandika mimi, Sajenti Colin Prewett, nikamsomea shahidi, naye akayathibitisha. Wenzake saba wamejaa kwenye benchi nje, kila mmoja anataka kuandikisha yake. Wa kwanza ni Bi. Leilani Fonoti.