Pale Ukuta Ulipobaki Mweupe

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na wote wa hapo kwako. Natumaini mguu wa shemeji umepona na kwamba ameacha kupanda ngazi bila kumwambia mtu, maana kazi ya ngazi ina wenyewe, na mwenyewe ni mimi. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na kazi za kupaka rangi zipo. Chiriku wangu hajambo? Bado anakuchosha kwa maswali, au kifua kikibana ananyamaza? Mwanangu akinyamaza mimi huishiwa raha, hata nikiwa mbali.

Utashangaa kupata barua wakati juzi tu tumeongea kwenye simu. Kwenye simu wewe hunikatiza, dada, usikatae, na mimi nikikatizwa huona nafuu nikaacha. Safari hii nataka nifike mwisho.

Ulisema shule zikifungwa utamrudisha mtoto nyumbani moja kwa moja, kwa kuwa masharti yako nimeyatimiza: niache sigara, na nyumba niipake rangi upya. Nikakujibu kila kitu tayari. La sigara ni kweli. Ni miezi saba sasa. Muuguzi wa zahanati alinionya kwamba wiki za mwanzo zitanikaba, nikamcheka kimoyomoyo, kisha zikanikaba kweli. Niligombana na wateja, nikatafuna vijiti vya meno mpaka fizi zikauma, nikanywa maji mpaka nikawa nashuka ngazi kila baada ya dakika kumi kwenda haja. Nilianguka mara mbili, nikavuta tena. Mara ya tatu nikasimama, na mpaka leo sijagusa.

Sasa niambie, dada, ni nani aliyekuwa akivuta sigara sebuleni kwangu?

Saa kumi ndiyo ilikuwa saa yangu. Unakumbuka nilivyokuwa nikitoka kazini nakaa kwenye stuli dirishani, nikijiona mstaarabu kwa sababu dirisha liko wazi. Basi hata baada ya kuacha, nikifungua mlango saa hiyo harufu ilikuwa inanipokea, na si harufu kuukuu iliyofifia, ni ya sigara iliyozimwa sasa hivi. Siku ya kwanza nilipekua mpaka chini ya kitanda. Siku ya pili nilimwendea jirani, mtu ambaye hata moshi wa jiko humkohoza, nikamnusa mdomo. Tangu hapo salamu zake kwangu ni za mkato. Jua likizama, harufu inaondoka yenyewe.

Halafu ukuta. Nasema ule unaotazamana na dirisha, alipokuwa akikaa marehemu wifi yako kushona, kwa sababu mwanga ulimfikia vizuri. Niliupiga msasa, nikapaka rangi nyeupe mkono wa kwanza na wa pili, nikalala nimeridhika. Baada ya wiki mbili ulikuwa umegeuka manjano, isipokuwa sehemu moja iliyobaki nyeupe. Ilianzia chini, ikapanuka mabegani, ikaishia kwenye duara la kichwa kilichoinama kidogo upande wa kushoto. Nikapaka tena. Akarudi. Mvua ziliponyesha ukuta ukatoa matone ya kahawia, yakateremka, yakamzunguka, hakuna hata moja lililomgusa. Nasema akarudi kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikisema peke yangu mle ndani. Nilikuwa namsalimia, dada. Nilimwambia nimeacha, asinitishe.

Mwezi uliopita fundi mwenzangu, yule tunayemwita Msasa, alikuja kuazima ngazi. Hakuwahi kumwona mke wangu hata siku moja. Alisimama mlangoni akauliza yule mama pale ukutani ni nani. Yeye akasogea, akapitisha kidole kwenye manjano, akanusa, akacheka. Akaniuliza mimi fundi wa miaka ishirini nimeanza lini kupaka rangi juu ya lami ya sigara bila kuuosha ukuta. Akasema uchafu ule hupenya rangi yoyote, na jua la saa kumi likiupiga, joto huitoa harufu upya. Wateja wangu wavutaji huwa nawaambia maneno hayo hayo. Kwangu sikuosha, kwa sababu niliogopa kuyaona maji yatakayotoka.

Hata hivyo nilifurahi kwamba si mzimu, nikakuomba umlete Chiriku Jumamosi ile. Kuna jambo hukuliona, ulikuwa umetoka kununua mkate. Mtoto aliingia, akanusa, akaniuliza kama nimeanza tena. Nikaapa sijaanza. Akaenda moja kwa moja ukutani, akaketi chini, na hapo ndipo nilipoona kwamba kando ya goti la mama yake palikuwa na sehemu nyingine nyeupe, ndogo. Akaiegemea. Kichwa kimeshaipita kidogo, ila mabega yaliingia sawasawa. Nikamwuliza kwa nini anakaa pale. Akanijibu kwamba pale ndipo mahali pao, mama alimwambia moshi haufiki, kwani sioni ukuta ulivyo mweupe? Kisha akaanza kukohoa. Uliporudi ulinikuta nimemshikia pampu yake ya pumu, ukailaumu rangi mpya, na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Dada, ukuta pale ni mweupe kwa sababu wao waliukinga. Moshi uliokuwa uishie ukutani uliishia kwao.

Sasa nifike pale ninapopakwepa tangu mwanzo wa barua. Wakati wa ugonjwa wa mapafu wa wifi yako, daktari alituuliza, sote wawili tumekaa mbele yake, kama mgonjwa huvuta sigara au anaishi na mvutaji. Mke wangu alinitazama, akaniachia nijibu. Nikasema hapana, pakiti ikiwa mfukoni. Yeye aliinamisha kichwa kidogo, upande wa kushoto, hakunisahihisha. Tukarudi nyumbani, akakaa pale pale miezi tisa, na mimi dirishani. Baada ya mazishi ulisema kwao marehemu wana vifua dhaifu na mtoto amerithi. Ulisema mbele ya mama mkwe wangu, akatazama chini, nami nikanyamaza. Mwaka jana daktari wa Chiriku aliuliza swali lile lile. Nikasema hapana tena. Amebadilisha dawa mara tatu, akitafuta vumbi, akitafuta paka ambaye hatuna.

Wiki iliyopita nilimwendea peke yangu nikamwambia ukweli. Alisema hakuna anayeweza kuapa kwamba moshi wangu ndio uliomuua mke wangu, lakini moshi wa mtu huua hata wasiowahi kuwasha kiberiti, na mtoto mwenye pumu asilale katika chumba kile kwa sasa. Naona haya, dada.

Kwa hiyo usimlete. Nimeanza kutoa mapazia, matakia na dari, na ukuta nitauosha mpaka maji yatoke meupe, ndipo nipake. Itanichukua likizo yote. Nitakuwa nakuja mimi kwako kila Jumapili, nimeoga, na nguo zilizofuliwa. Mwambie baba yake hajamkataa. Na mama mkwe nitamwendea mwenyewe, usinitangulie.

Wasalimie wote, na shemeji umwambie ngazi aniachie mimi. Ukinikasirikia nitaelewa, lakini usimpunguzie mtoto mapenzi kwa ajili yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi rangi.

Nyongeza: Nimeiandika barua hii nje, barazani, lakini karatasi imetoka kwenye kabati la sebuleni. Ianike juani kwanza. Chiriku akiiomba, mwambie baba anamsalimu sana, ila usimpe aishike.