Pua ya Mbwa wa Kaka Yako

Shemeji,

Huku tu wazima, ila mbwa wa marehemu kaka yako pua imemkauka, imepasuka kama kisigino changu. Nikimpaka mafuta ya nazi anayalamba, kisha ananitazama kama mteja aliyepunjwa.

Daktari wa mifugo akaniuliza, "Mama, huyu analala wapi?"

"Kichwa juu ya shati la kazi la marehemu, lile lililojaa saruji."

"Basi saruji ndiyo inayomchoma. Lifue tu, atapona."

Eti lifue tu! Harufu ya kaka yako haijabaki mahali pengine. Nililitia kwenye beseni, nikalitoa kabla ya kumimina maji.

Sasa nimelitundika chumbani kwangu, mbwa halifikii. Amenuna, lakini pua inapona.

Yangu ndiyo imeanza kupasuka. Mafuta bado yapo.

Ni mimi shemejio, mvivu wa kufua.