Nyumba ya Mkunazini Hatukuipata

Shoga yangu Zafarani,

Ulipokuwa hai, kila barua ikija nilikusomea mimi, kwa kuwa mimi nilisomeshwa pamoja na watoto wa bibi tuliyemtumikia na wewe ukawekwa jikoni. Huko uliko sijui atakusomea nani hii. Naandika hivyo hivyo. Nina jambo kifuani, na hapa duniani hakuna mwingine wa kumwambia.

Nyumba ya Mkunazini hatukuipata.

Najua ulikufa ukijua ni yetu. Homa ilipokuzidi ulinambia nikugeuze uelekee uani, ulione tanuri letu la mikate, ukasema, "Majuma, hapa hatufukuzwi na mtu." Nikakwambia ndiyo. Kwa nini nisiseme? Bwana Suleiman alishapokea arbuni yake, fedha ya kutangulia, ufunguo alishatupa mkononi, kilichobaki ni kwenda kwa kadhi kuandikiana. Vitanda vilishahamishwa. Mitungi na kinu vilishahamishwa. Chumba chetu cha mtaa wa Malindi alishaingia Mngazija mmoja muuza kahawa, na wewe mwenyewe ulimwachia kile kigoda chako kibovu ukicheka.

Hitima yako ilisomwa siku ya tatu. Mikeka haijakunjwa, Bwana Suleiman akaniita barazani. Hakunitazama usoni.

"Nyumba haiuziki tena," akasema. "Dada yangu wa shamba hataki. Chukueni arbuni yenu, mnipe ufunguo wangu."

Nikamwambia, "Bwana, hata matanga hatujaondoa."

Akasema mapatano yake yalikuwa na wewe, na wewe umeshakufa.

Zafarani, Kidawa wako alikuwa amesimama nyuma ya mlango, anasikia yote, na tumbo lake limeshashuka. Mumewe yuko Lamu, hana habari hata ya msiba. Nimtoe mwanao katika hali ile nimpeleke wapi? Nikamlaze baraza ya nani?

Ufunguo sikutoa. Niliingia ndani nikatia komeo.

Jirani yetu Bi Mgeni alikuja dirishani akanambia, "Usitoke, mwanangu. Ukishatoka, hurudi tena." Basi nikakaa. Unga ukaisha. Wateja wetu wakawa wananunua mikate kwa wengine. Bi Mgeni akitupitishia muhogo na samaki kwenye nondo za dirisha, na kila alasiri Bwana Suleiman akija. Mwanzo alikuwa akipiga hodi kwa adabu. Halafu akawa anagonga kwa bakora, watu wanasimama kichochoroni kusikiliza. Siku moja akapaza sauti, wote wasikie: tangu lini wajakazi wakakaa nyumba ya mawe? Kidawa alinishika mkono nisijibu. Nilijibu. Sitaandika nilichosema, lakini wewe ungecheka mpaka ukae chini.

Na nikwambie kweli. Siku zile nilikukasirikia wewe. Wewe ndiye uliyeitaka nyumba ile. Mimi nilikuwa nimezoea chumba chetu cha Malindi na panya wake. Ukanitia tamaa, kisha ukaondoka, ukaniacha na mlango wa kuulinda.

Na huyo dada wa shamba nilimchukia. Sikuwahi kumwona. Nilijua jina tu, Bi Raya, na nilikuwa nikipika namchukia, nikisali namchukia.

Ijumaa asubuhi Bwana Suleiman alikuja na fundi seremala. Nilimsikia akimwambia, "Ng'oa mlango wote, tuone watatia komeo wapi." Nyundo ikaanza kulia. Na saa ile ile Kidawa akaniita kutoka uani kwa sauti nisiyoijua. Nilimkuta ameshikilia mdomo wa kisima, maji yameshamtoka.

Nilipiga ukelele kwa Bi Mgeni, akakimbia kumwita mkunga, Bi Tatu. Nikamlaza Kidawa, nikawasha moto. Kisha nikasikia, "Majuma! Mimi Bi Tatu, nifungulie!"

Zafarani, nilisimama mkono juu ya komeo nikashindwa kuliondoa. Nilijua nikifungua, ndiyo basi. Bwana Suleiman ataingia nyuma ya mkunga, na vitu vyetu vitakuwa kichochoroni kabla ya sala ya Ijumaa. Bi Tatu anaita. Nyundo inagonga karibu na kichwa changu. Kidawa akalia tena, safari hii akakuita wewe. Alikuita "Mama."

Nikafungua.

Bi Tatu alipita chini ya mkono wangu bila salamu. Nyuma yake alikuwa Bwana Suleiman, na fundi wake, na mama mmoja mzee wa Kiarabu, barakoa usoni, ameegemea ukuta anahema. Punda wake alikuwa bado yuko hapo. Nikajua ndiye huyo dada wa shamba. Sikumwamkia. Mimi, unavyonijua, sikumwamkia mtu mzima.

Bwana Suleiman alishatia mguu ndani. Kidawa akalia. Yule mama akamshika nduguye kanzu.

"Suleiman, toa mguu. Humu mna mzazi."

"Dada, ukiwaacha leo hawatoki tena hawa."

"Nimekwambia toa mguu."

Akautoa. Bi Raya akaingia, na mlango akaufunga yeye mwenyewe. Alivua barakoa akaitundika kwenye msumari bila kuutafuta, akakunja mikono, akaenda kukaa nyuma ya Kidawa akamwegemeza kifuani kwake. Akakaa hivyo mpaka mwisho. Kidawa alimbana mkono ukawa mwekundu, na yule mama hakusema kitu ila, "Bana, mwanangu, bana."

Ni mtoto wa kike. Ana paji lako.

Bi Raya alipokuwa ananawa uani nilimpelekea kitambaa. Akanambia, "Nyumba siuzi. Nataka ulijue hilo."

"Bibi, si mlishakubali?"

"Nani aliniuliza?"

Ndipo akanieleza. Mumewe amekufa Bububu, na watoto wa mke mwenziwe wamemtaka atoke shamba. Mahali pake pekee duniani ni fungu lake katika nyumba ile ya baba yao, na nduguye aliiuza bila ya kumwambia neno. Habari aliipata kwa mpanda punda. "Umeuziwa paa langu, mwanangu," akasema, "na mimi n'hai."

Nilitaka niendelee kumchukia, maana chuki ndiyo iliyonisimamisha siku zile zote. Nikawa sina pa kuiweka. Nikamwambia, "Shikamoo, Bibi." Akajibu, "Marahaba," akaomba maji ya kunywa.

Akasema Kidawa hatoki mpaka arubaini yake itimie, na hakutoka. Nyumba moja, wanawake watatu na kichanga. Bi Raya alilala chumba chako. Hilo liliniuma, nisikufiche. Kila asubuhi nikimsikia akikohoa humo nilidhani ni wewe. Arbuni aliidai yeye kwa nduguye, amesimama barazani, watu wanatazama, mpaka ikarudi yote mkononi mwangu.

Sasa tuko Ng'ambo, nje ya mji, tumenunua kiwanja na nyumba kwa arbuni ile. Nyumba ni ya udongo na makuti, na upande wa kaskazini inavuja, nimeshaupandia mwenyewe mara mbili. Tanuri nimejenga jipya. Watu wa huku hawajui bado mikate yetu. Siku nyingine narudi na nusu ya kapu. Ya Mkunazini nikiyakumbuka moyo hunipanda, na nikienda mjini hupita njia ya mbali nisiuone ule mlango. Mumewe Kidawa amerudi, amelia kwa ajili yako kama mtoto.

Mjukuu wako hakupewa jina lako. Mimi nilitaka. Kidawa kakataa, anasema hataweza kuligombeza jina la mama yake kila siku. Tunamwita Subira, naye hana subira hata kidogo.

Jana nilikwenda kwa kadhi. Kiwanja na nyumba, vyote nimemwandikisha Kidawa, mbele ya mashahidi, na karatasi nikamsomea mwenyewe neno kwa neno, naye akanirudishia mpaka nikaridhika. Mimi nakaa kwake. Asitokee mtu, awe mume, awe ndugu, akamuuzia paa lake bila ya yeye kusema ndiyo. Nikiwa n'hai nitalilinda hilo, na Subira nitamfundisha alilinde nikishakufuata.

Mungu akunawirishie kaburi, shoga yangu. Nakuaga hapa. Mtoto ameamka, na mama yake yuko kisimani.

Mimi wako,
Majuma