Maji ya Juu ya Bomba

6 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Hujambo, na kazi ya maabara inakwendaje? Huku hatujambo. Baba bado anamwonyesha kila mgeni picha yako ya koti jeupe, mpaka wauza mkaa wanakujua.

Nina neno. Tangu kiwanda cha ngozi kiongeze zamu, mto umebadilika. Juzi nilifua mashuka ya nyumba ya wageni, yakakauka na mabaka ya kijani. Mwenye nyumba hiyo akaniuliza kama siku hizi nafulia mchicha. Nilicheka, lakini mikono yangu inachanika, na watoto wa jirani wana vipele mwili mzima. Kisima chetu, unakijua, kiko hatua chache tu kutoka mtoni. Wewe ndiye mpimaji wa maji wa serikali. Tuambie, yanafaa?

Dada yako

22 Februari

Dada yangu,

Shikamoo, na shikamoo kwa baba. Mimi mzima wa afya.

Maji nimeyapima mwenyewe na ripoti nimeisaini mwenyewe. Yako ndani ya viwango. Hiyo rangi ni tope la mvua tu. Jaribu kubadilisha sabuni. Msiwe na wasiwasi.

Mdogo wako

15 Mei

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Sisi wazima, isipokuwa baba analalamika uchovu, na uzee nao haubishi hodi.

Barua yako imefanya kazi. Watu zaidi ya mia walikusanyika uwanja wa shule, waende kwenye lango la kiwanda. Nikasimama, nikawasomea maneno yako. Fundi baiskeli akasema, “Damu yake mwenyewe inakunywa maji hayo. Angeidanganya?” Wakatawanyika. Siku hizi akipita mtu na ndoo anakwenda kuteka mbali, baba anamkemea, “Mwanangu ameshasema!” Kisha anachota kisimani, anakunywa kikombe kizima mbele yake.

Dada yako

9 Agosti

Mdogo wangu,

U mzima? Hii ni barua ya tatu hujajibu.

Miguu ya baba imevimba. Daktari anasema figo zimechoka. Hawezi kuapa kuwa ni maji, ila aliuliza tunakunywa yapi. Nikamwambia yamepimwa. Akasema, “Yalichotwa wapi?” Nami nakuuliza. Yalichotwa wapi, mdogo wangu?

Dada yako

17 Agosti

Dada,

Sina uso wa kukuamkia, lakini shikamoo.

Yalichotwa juu ya bomba.

Kiwanda kinamwaga uchafu wake kwa bomba linaloingia mtoni karibu na daraja. Chupa inatakiwa ijazwe chini ya hapo. Mara ya kwanza nilifanya hivyo, nikakuta kromi, ile dawa ya kutengenezea ngozi, mara tisa ya kiwango. Nikampelekea mkuu wa maabara. Akafunga mlango. “Unataka kazi au unataka mto?” Hakunihonga, hakunitisha. Aliuliza tu. Kesho yake nikapanda hatua mia juu ya bomba, nikachota maji safi. Nimefanya hivyo mwaka mmoja na nusu.

Barua yako ya Februari ilinikuta majibu ya kweli yamo kwenye droo. Nikafunga droo, nikakuandikia habari za sabuni. Zile nyingine nilizisoma zote.

Majibu hayo nimeyaweka humu. Yapelekeni kwa wakili. Nitasimama popote nitakapoitwa. Na baba, sijui umwambie nini.

Mdogo wako

25 Agosti

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, na sikukaa.

Baba nimemwambia. Alikataa, akasema mwandiko si wako. Kisha akageukia ukutani.

Nimezunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia niliwasomea uongo. Mama wa wale watoto wenye vipele hakunitukana. Alifunga mlango polepole, na hilo ndilo lililoniuma. Wewe ulidanganya karatasi. Mimi niliwadanganya watu nikiwatazama machoni.

Wakili ameyafikisha majibu yako serikalini, na tume ya uchunguzi inakaa tarehe 14 Oktoba, ukumbi wa halmashauri. Usiandike tena. Njoo.

Dada yako

2 Desemba

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Tangu uondoke kwenye kikao, kalamu imekuwa nzito.

Bomba limezibwa kwa saruji. Kiwanda kimefungiwa mpaka kijenge mtambo wa kusafisha maji, na mkuu wako ameshtakiwa. Najua umefukuzwa, na kwamba kesi yako nayo inakuja. Watu bado wanarudia maneno yako. Wakili wa kiwanda alipouliza kwa nini tume imwamini mwongo, ukamjibu, “Msiniamini. Twendeni mkachote wenyewe.” Wakaenda, wakachota.

Fundi baiskeli ameniletea nguo za kufua, wa kwanza tangu Agosti. Mama wa wale watoto bado.

Baba anapelekwa hospitali mara mbili kwa wiki kusafishwa damu. Maji tunaletewa na gari la halmashauri. Jana alishika kikombe, akaniuliza, “Haya amepima nani?” Nikamjibu, “Mtu mwingine.” Akanywa. Ningeweza kukuficha hilo, lakini tumefichana vya kutosha.

Alipomaliza aliweka kikombe mapajani. Halafu akauliza, “Na yeye, huko aliko, anakunywa maji gani?”

Niandikie, nimjibu.

Dada yako