Ng'ombe Anayeanguka

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Bibi yako hajambo, mahindi yameanza kubeba.

Unauliza utafanya nini na kazi yako ya kuchora katuni, maana kompyuta mpya sasa zinazichora zenyewe.

Miaka ya sitini nilimchorea bwana mifugo wa Karatu ng'ombe akienda kuogeshwa dawa ya kupe, wa kuwafundishia wafugaji, karatasi nyingi, nikizifunua haraka aonekane anatembea. Tulipomwonyesha kule Soitsambu, mzee mmoja mfugaji akaniambia, "Huyu wako anaanguka." Nikashinda naye siku tatu nikitazama kwato tu. Ukwato wa nyuma hukanyaga pale wa mbele ulipotoka.

Baadaye ikaja mashine ya sinema, karatasi zangu zikawa za kuwashia jiko. Lakini ng'ombe wa kuchorwa wa sinema naye alikuwa anaanguka, wenye sinema wakaniita nimrekebishe.

Leo asubuhi nimewatazama ng'ombe wetu wakitoka zizini. Hatua ni ileile.

Babu yako, Rhotia