Nati za Gari la Aulis

Kivikoski,
Finland.
22 Novemba 1998

Mpendwa mdogo wangu Osmo,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye giza na theluji. Hujambo? Mkeo Beryl na watoto hawajambo? Nasikia huko Australia jua limeanza kuwachoma, nawaonea wivu. Mimi mzima, ila magoti yananisumbua baridi ikizidi. Nimekawia kukuandikia kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Habari za kaka yetu Veijo si nzuri.

Unakumbuka alivyofungua gereji katika lile jengo la kiwanda cha maziwa kilichofungwa. Baba alinuna, watu wakacheka kwamba mtu asiye na mke wala mtaji atakula grisi. Haikuchukua muda wilaya nzima ikawa inamletea magari. Hellin, mke wa jirani yetu Aulis, ndiye aliyemtania zaidi: "Veijo, lioe tu hilo jeki lako, tule keki." Naye anacheka chini ya gari, haonekani ila miguu.

Utaratibu wake unaujua. Unaacha gari uani, ufunguo ndani, unakwenda zako. Likiwa tayari, analigeuza litazame barabara. Ukilikuta linatazama ukuta, bado. Hakuna aliyewahi kuuliza zaidi ya hapo.

Mwezi uliopita theluji ya kwanza ilianguka ghafla, kila mtu akataka matairi ya baridi, yasiyoteleza, siku hiyohiyo. Gari la Hellin lilikuwa limeshavishwa matairi, lakini nati zilikuwa zimeshikizwa kwa mkono tu, hazijakazwa kwa spana. Lori la mafuta likaja, likakosa pa kupita. Veijo akalisogeza gari pembeni, na huko likakaa likitazama barabara. Akaingia ndani kupokea simu. Hellin akapita, akaona gari lake liko tayari, akaondoka nalo. Gurudumu lilichomoka darajani. Tumemzika, Osmo.

Polisi walisema ni ajali. Veijo alifunga gereji, akawa hali, halali. Nilimpelekea supu ya samaki jioni, asubuhi nikaikuta palepale mlangoni, imeganda.

Wiki iliyopita Aulis mwenyewe alikwenda kumgongea. Nilikuwepo, nilidhani watapigana. Aulis akasema, "Veijo, gari langu bado lina matairi ya kiangazi. Mimi sijui kubadilisha, na kwingine siendi." Veijo akavaa koti. Nililia kwa furaha, nikajua kaka amerudi.

Akabadilisha matairi yote, akakaza nati. Akazilegeza, akakaza tena. Aulis alingoja mpaka kahawa ikaisha, akamwambia kwa upole, "Inatosha, ndugu yangu."

"Subiri, nahakikisha tu."

Mwishowe Aulis akarudi nyumbani kwa miguu.

Gari liko mlemle gerejini. Kila asubuhi nikipita namkuta Veijo amepiga magoti, anafungua na kufunga. Nati zimeanza kulika. Nikimwita ananijibu, "Sasa hivi, Sylvi." Daktari anataka apelekwe hospitali, lakini haingii katika gari la mtu yeyote.

Njoo, mdogo wangu. Wewe alikufundisha kazi, labda wewe atakupa hiyo spana. Mimi nimemwomba nikachoka.

Shangazi Impi anakusalimu, na Aulis pia. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Mungu awalinde huko mliko, na sisi atuonee huruma.

Dada yako akupendaye,
Sylvi